Kupandisha farasi: jike anafuata mwanga, mwenye farasi anafuata kalenda

Majike wengi wanaoitwa wagumba hawana ugumba wowote. Walipelekwa kwa dume katika wiki ambazo ovari zao zilikuwa bado zimelala, au walipandwa siku nzima baada ya yai kutoka, kisha lawama ikawaangukia wao. Farasi jike mwenye afya hushika mimba bila shida akipandishwa kwa wakati wake. Wakati huo huamuliwa na urefu wa mchana. Joto la hewa, hamu ya dume na tarehe aliyoitaka mwenye farasi havina neno kubwa hapo.

Kwa nini kuna msimu

Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi. Kati ya 320 na 365 bado ni kawaida, na jike yuleyule anaweza kupishana na hesabu yake ya mwaka uliopita kwa wiki mbili bila kasoro yoyote. Mtoto huzaliwa akiwa karibu tayari: husimama ndani ya saa moja, hunyonya ndani ya saa mbili, na siku hiyohiyo huweza kukimbia ubavuni mwa mama yake. Gharama anaibeba mama. Jike wa kilo 500 akifika kilele cha kunyonyesha, kwenye mwezi wa pili au wa tatu, hutoa maziwa yanayokaribia asilimia 3 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 15. Nyasi kavu haziwezi kuzalisha maziwa hayo. Kwa mnyama aliyetokana na nyika zenye baridi kali, mtoto aliyezaliwa katikati ya majira ya baridi alikuwa na nafasi ndogo ya kuishi, na waliobaki ni wale waliozaa nyasi zinapochipua.

Kwa kuwa mimba inakaribia miezi 11, msimu wa kuzaa na msimu wa kupandana huangukia mahali pamoja. Kondoo na mbuzi wanalenga kuzaa wakati huohuo, lakini mimba yao ni ya miezi 5, ndiyo maana wao huanza joto, yaani siku za kumtaka dume, mchana unapofupika. Farasi huanza unaporefuka. Kaskazini mwa dunia majike wengi huwa na mizunguko ya kawaida kuanzia Aprili hadi Septemba. Kusini, Oktoba hadi Machi. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, jike anaweza kuingia joto mwezi wowote, na hapo malisho na unene wake ndivyo vinavyoamua zaidi.

Kazi hii hufanywa na melatonini, homoni inayotolewa na tezi ndogo ndani ya ubongo wakati wa giza tu. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa kwenye damu saa nyingi, na ubongo hupunguza ishara inayoamsha ovari. Ovari hulala, huwa ndogo na ngumu, kizazi hulegea, na jike hamtaki dume wala hamkatai, anamtazama tu. Usiku ukifupika, ishara inarudi. Lakini hairudi kwa siku moja, na hapa ndipo pesa nyingi za wenye farasi zinapopotelea.

Miezi miwili ya kudanganya

Kati ya kulala na kuamka kuna kipindi cha mpito cha siku 60 hadi 90. Vifuko vya mayai huota kwenye ovari, vinafika hata milimita 30 na zaidi, kisha vinanywea bila kutoa yai. Vingine vinaota, navyo vinanywea. Wakati huo wote jike anaonyesha joto: siku kumi mfululizo, wiki tatu, anaacha siku mbili, anaanza tena. Anainua mkia, anasimama kwa dume, anapandwa. Hakuna yai. Dume amechoshwa, kizazi kimeingizwa uchafu mara sita, na mimba haikuwezekana tangu mwanzo.

Jike anayeonyesha joto zaidi ya siku kumi mapema katika msimu asipandishwe mpaka daktari wa mifugo apime kwa ultrasaundi, au mpaka atoke kwenye joto hilo, akae siku 14 hadi 16 akimkataa dume, kisha aingie tena. Ule ukataaji ndio ushahidi kwamba yai lilitoka. Kwa jike aliyekwisha kufika mwisho wa mpito, mwenye vifuko vikubwa, daktari anaweza kutoa altrenogesti, dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni na kuzuia joto, kwa mdomo kila siku kwa siku 10 hadi 15, kisha kuikatisha ili mzunguko wa kwanza ujipange. Kwa jike ambaye ovari zake bado zimelala haisaidii kitu. Dawa hiyo hupenya ngozi ya binadamu, kwa hiyo ishikwe kwa glavu zisizopitisha maji, na mwanamke mjamzito asiiguse kabisa.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba kalenda za binadamu hazilingani na jua. Katika mbio, farasi wa Thoroughbred wote wa kaskazini huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka Januari 1. Australia na New Zealand ni Agosti 1. Mtoto aliyezaliwa Desemba 30 huko kaskazini anakuwa wa mwaka mmoja baada ya siku mbili, na atakimbia na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kila mfugaji wa mbio anataka mtoto wa Januari au Februari, maana yake jike ashike mimba Februari au Machi, wakati mwili wake bado uko kwenye mpito. Asiyefuga kwa ajili ya mbio hana sababu ya kujitia kwenye shida hii. Angojee tu mwezi mmoja na nusu, kazi nusu itakuwa imefanywa na jua.

Anayelazimika hutumia taa. Jike awe kwenye mwanga saa 16 na giza saa 8, kuanzia siku 60 hadi 70 kabla ya tarehe ya kwanza ya kumpandisha. Kaskazini hiyo ni mwanzoni mwa Desemba. Saa za taa ziongezwe jioni, jua linapozama, zisiongezwe alfajiri. Katika chumba cha mita 4 kwa 4, taa ya kizamani ya wati 100 inatosha, au taa nyingine yoyote yenye mwanga wa kukuwezesha kusoma gazeti ukiwa kwenye kona iliyo mbali nayo zaidi. Pima kwa kuingia na gazeti kweli, usikadirie kutoka mlangoni. Kuna pia vifuniko vya kichwa vyenye taa ya buluu inayoelekezwa kwenye jicho moja, vinavyomruhusu jike kubaki malishoni.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kuwasha usiku kucha, ukidhani zaidi ni bora: mwili unahitaji giza ili kulinganisha, na bila giza mpango haufanyi kazi vizuri. La pili ni jike kusimamisha kichwa nje ya dirisha, gizani, saa zote ambazo taa inawaka ndani. La tatu ni kuzima taa kabla ya jike kuthibitika ana mimba au kabla mchana wa kawaida haujarefuka, naye anarudi kulala. Dalili kwamba taa inafanya kazi ni manyoya marefu ya baridi kuanza kunyonyoka mapema, hata kabla ya ovari kuonyesha lolote.

Unene nao usisahaulike. Katika kipimo cha Henneke, cha alama 1 hadi 9, jike wa kuzaa anafaa kuwa kati ya 5 na 7. Kwenye 5 mbavu hazionekani kwa macho lakini kidole kinazihisi mara moja. Aliye chini ya hapo huchelewa kuanza mizunguko na huhitaji kupandishwa mara nyingi zaidi ili ashike.

Siku 21

Mzunguko ukishatulia ni siku 21 kwa wastani. Joto lenyewe ni siku 5 hadi 7, kisha siku 14 hadi 15 za kukataa. Siku za kukataa hazibadiliki sana. Za joto ndizo zinazorefuka na kufupika, ndefu mwanzoni mwa msimu na fupi katikati yake. Yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla ya joto kuisha. Hesabu hii inasumbua kwa sababu inahesabiwa kutoka mwisho, na mwisho huwezi kuujua mpaka upite.

Ndiyo maana jike hupimwa kwa dume kila siku, au kila baada ya siku moja. Dume mpimaji husimama upande mmoja wa ukuta imara wa mbao wenye kimo cha kifua, jike upande wa pili, kwanza pua kwa pua, kisha ubavu kwa ubavu. Aliye tayari hujiegemeza upande wa dume, hutanua miguu ya nyuma na kuikunja kidogo, huinua mkia, hukojoa kidogo kidogo, na midomo ya uke hufunguka na kufunga kwa mpigo. Asiye tayari hulaza masikio, hupiga kelele kali, hugeuza matako na kurusha teke. Mpe muda. Jike mwenye mtoto mchanga hukataa kwa ajili ya kumlinda, na jike mwoga huonyesha joto dume akishaondoka, kwa hiyo mtu abaki kumtazama kwa dakika chache. Andika kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu. Daftari la siku 40 linaeleza zaidi kuliko kipimo kimoja cha ghali.

Ultrasaundi huongeza uhakika. Kifuko cha yai hukua milimita 3 hivi kwa siku, na kwa majike wengi yai hutoka kikiwa kati ya milimita 35 na 45, baadhi hata zaidi. Katikati ya joto ukuta wa kizazi huvimba maji, ukionekana kwenye kioo kama chungwa lililokatwa kati. Uvimbe huo hupungua siku moja hivi kabla ya yai kutoka. Kifuko cha milimita 35, uvimbe uliopo na mlango wa kizazi uliolegea: hapo daktari anaweza kudunga hCG, homoni ya kuchochea yai litoke, na yai hutoka baada ya saa 36 hivi. Sindano hiyo kwa kifuko cha milimita 25 ni pesa ya bure.

Kuna njia ya kufupisha kungoja. Baada ya yai kutoka, pale lilipokuwa hubaki tezi ya manjano inayotoa projesteroni, na projesteroni ndiyo inayomfanya jike akatae. Sindano ya prostaglandini huivunja, jike anarudi kwenye joto ndani ya siku 3 hadi 5. Lakini kabla ya siku ya 5 baada ya yai kutoka, tezi hiyo bado changa na haisikii dawa vizuri. Tena prostaglandini hutoa mimba, na mwenye pumu au mwanamke mjamzito asiishike.

Siku yenyewe

Mbegu za dume mzima hudumu ndani ya jike saa 48 bila shida, mara nyingine siku kadhaa. Yai likishatoka lina saa 6 hadi 12 tu. Kwa hiyo mbegu zilingojee yai, si yai lingojee mbegu. Kwa mpandisho wa kawaida, anza siku ya pili au ya tatu ya joto na urudie kila saa 48 mpaka jike akatae. Mwenye ultrasaundi anaweza kumaliza kwa mpandisho mmoja.

Jike afungwe bandeji mkiani, aoshwe uke na matako kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, asuuzwe vizuri, akaushwe. Dume aoshwe uume kwa maji ya uvuguvugu peke yake. Dawa kali za kuua vijidudu zikitumiwa kila mara huua bakteria wasio na madhara wanaoishi hapo, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa magonjwa, Pseudomonas au Klebsiella, ambao watahamia kwa kila jike anayefuata. Kwa jike mrusha mateke, miguu ya nyuma ifungwe kamba maalum inayoweza kufunguliwa kwa kuvuta mara moja. Ardhi isiteleze. Washika kamba wote wawili wasimame upande mmoja, wa kushoto, ili jambo likiharibika vichwa vya farasi vivutwe kwao na matako yaende mbali na watu. Dume akimaliza mkia wake hupanda na kushuka kwa mpigo; bila dalili hiyo usiandike kwamba amepanda.

Kwa Thoroughbred hakuna njia nyingine: mtoto aliyetokana na uhimilishaji, yaani shahawa kuingizwa na mtu bila dume kupanda, haandikishwi. Kwa aina nyingine nyingi za farasi uhimilishaji unaruhusiwa. Shahawa iliyopozwa hadi nyuzi 5 hutumika ndani ya saa 24, mara nyingi hata 48. Iliyogandishwa, inayotunzwa kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, ikishayeyushwa huishi muda mfupi sana, na lazima iingizwe kuanzia saa 12 kabla ya yai kutoka hadi saa 6 baada yake. Hiyo ina maana ya kumpima jike kila saa 6, usiku na mchana. Anayeahidiwa shahawa ya kugandishwa kwa bei nafuu ahesabu pia bili ya daktari.

Dume anayeonekana mzima anaweza kuwa na mbegu mbovu kwa sababu ya jambo lililopita. Mbegu moja huchukua siku 57 kutengenezwa, na zaidi ya wiki moja tena kupita kwenye mirija. Homa kali ya mwezi wa kwanza inaweza kuonekana kwenye shahawa ya mwezi wa tatu. Ukisikia majike sita hawajashika kwa dume mmoja, uliza alikuwaje miezi miwili nyuma.

Baada ya hapo

Kila mpandisho huingiza uchafu, na kizazi huvimba ili kujisafisha. Jike kijana humaliza kazi hiyo ndani ya siku moja hivi. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 15, aliyezaa mara nyingi na kizazi kikaning'inia, hubaki na maji ndani, na mimba inayoshuka siku ya 6 inakuta kidimbwi. Yeye aoshwe kizazi kwa maji ya chumvi ya hospitali na adungwe oksitosini, dawa inayokaza kizazi, kuanzia saa 4 hadi 8 baada ya kupandwa. Haidhuru mbegu, kwani zinazohitajika zimeshafika kwenye mirija.

Pima mimba siku ya 14 hadi 16 baada ya yai kutoka, usingoje zaidi. Mimba changa ya farasi huzunguka kizazi chote ili kukijulisha kwamba ipo, na hutulia mahali pamoja siku ya 16. Zikiwa mbili, kabla hazijatulia daktari anaweza kuzitenganisha na kuiminya moja. Mapacha wa farasi mara nyingi sana huishia kuharibika wote wawili, tena mimba ikiwa kubwa na jike akiwa hatarini. Rudia kipimo karibu siku ya 28, wakati mapigo ya moyo yanaonekana.

Kuna tarehe nyingine ya kuzingatia: siku ya 35. Kuanzia hapo ndani ya kizazi huota vikombe vidogo vinavyotoa homoni yake, na vikishaota vinabaki hadi karibu siku ya 120 hata mimba ikitoka. Jike aliyepoteza mimba siku ya 45 kwa kawaida hatarudi kwenye joto la maana mpaka vikombe hivyo vife, na msimu wake umekwisha. Kama kuna sababu ya kuikatisha mimba, mapacha kwa mfano, uamuzi ufanywe kabla ya hapo.

Joto la baada ya kuzaa

Jike aliyezaa huingia joto siku ya 5 hadi 12, na yai hutoka siku ya 10 hivi. Inaonekana ni haraka mno, lakini hesabu inamlazimisha. Toa 340 kwenye 365: zinabaki siku 25. Akishika siku ya 10 atazaa mapema kidogo mwakani. Akiliruka joto hilo, yai linalofuata ni la siku ya 30 au 31, na atazaa amechelewa siku tano au sita. Miaka minne ya hivyo ni wiki tatu hivi, na mwaka wa tano ukikosa mzunguko mmoja, msimu umekukimbia.

Lakini si kila jike afaa kupandwa joto hilo. Aliyezaa kwa shida, aliyechanika, aliyekawiza kondo la nyuma zaidi ya saa 3, au anayeonyesha maji kizazini siku ya 9, aachwe. Kwa aliyezaa salama kigezo ni siku ya yai: likitoka siku ya 10 au baadaye, mimba itashuka kwenye kizazi siku ya 16, wakati kimeshajirudi, likitoka siku ya 7 au 8, uwezekano unapungua. Kwa yule anayetoa yai mapema, njia nzuri ni kuacha joto hilo lipite, kisha kumdunga prostaglandini siku 5 au 6 baada ya yai. Anarudi kwenye joto karibu wiki moja mapema kuliko angerudi mwenyewe. Na aliyezaa Januari au Februari bila kuwekwa kwenye taa akiwa na mimba asikupe matumaini makubwa baada ya joto la kwanza, maana baadhi yao hutoa yai hilo moja kisha ovari zinalala tena hadi mchana urefuke.